Macho ya Bluu na Wapangaji Wasiolipa Kodi

Mtoto wa dada'ngu, msichana wa mjini haswa, alikwenda sendofu ya rafiki yake na lenzi za rangi, macho ya bluu kama maji ya bahari. Keshokutwa yake jicho la kulia limekuwa jekundu kama pilipili, machozi yanamtoka, mwanga hataki hata kuuona. "Mamdogo, mchanga tu huu," ananiambia. Mchanga gani wa siku mbili? Nikambeba mpaka hospitali. Daktari akasema kioo cha jicho kimepata kidonda, na angechelewa kidogo tu angeweza kupofuka.

Tuliporudi nikafungua kikopo anachohifadhia zile lenzi, nikapitisha kidole. Utelezi! Ule ule wa ndoo ya maji isiyosuguliwa wiki nzima.

Utelezi huo, jamani, una wenyewe. Mmoja wao ni bakteria wa majini aitwaye Pseudomonas aeruginosa, mpenzi wa mabomba na sinki, na ndiye mshitakiwa mkubwa wa vidonda vya macho kwa wavaa lenzi.

Anavyohamia ndiyo kasheshe. Macho hana, anaogelea kwa mkia unaozunguka kama pangaboi. Mkia ukigusa ukuta wa kikopo, mzunguko unakuwa mzito, anashtuka: hapa kuna kitu. Tena ana vinyuzi anavyovirusha na kuvivuta, kama mvuvi na mshipi wake. Kinyuzi kikinasa na kukaza, mwilini mwake zinapanda kemikali za kupeleka habari, mojawapo ikiitwa c-di-GMP. Hiyo ikipanda, amri ni kuacha kuogelea na kutoa gundi.

Mwanzoni hana haraka. Anashika kwa ncha moja, anajaribu, anaondoka zake. Usishangilie! Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kuwa aliyegusa akaondoka hubaki na kumbukumbu ya ule mguso na kuirithisha kwa vizazi vyake, navyo vikirudi hunata kwa urahisi zaidi. Ni kama yule jamaa aliyekula pilau kwenu mara moja, safari ijayo anakuja na ukoo.

Wakishalala ubavu na kujifunika utando wa gundi, wanaweza kustahimili dawa hata mara 1000 kuliko wanapoogelea mmoja mmoja. Na binti yetu kila usiku alikuwa anaongeza dawa mpya juu ya ile ya jana, akidhani anasafisha.

Utando dawa yake kuusugua. Lenzi isugue kwa dawa yake kiganjani, hata kama chupa imeandikwa haina haja. Kikopo mwaga chote, kisugue, kisuuze kwa dawa hiyo hiyo (maji ya bomba marufuku), kifute, kiache wazi kikauke kikiwa kimeinama. Kila miezi mitatu nunua kingine. Usilale na lenzi, na shosti akitaka kukuazima zake, mwambie asante, hapana. Jicho likiuma na kuwa jekundu, toa lenzi, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Yale matone ya jirani mwachie jirani.

Binti amepona, kabaki na kovu dogo pembeni. Juzi kaenda sendofu nyingine na macho aliyozaliwa nayo, na kuna kaka mmoja kamuuliza eti kayanunua wapi.