Neno Wosia Linapofika Mahakamani

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana na neno wosia katika tenzi miaka mingi kabla ya kukutana nalo mahakamani, ikiwa atabahatika kutofika huko. Mfano usiokosekana katika kumbi za mihadhara ni utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambamo mama mgonjwa anamwachia bintiye maneno. Hamgawii shamba wala nyumba, anamuusia. Kitenzi hicho kimebeba maana mbili tangu jadi: kuonya na kuasa kwa upande mmoja, na kuacha maagizo kuhusu mali kwa upande wa pili. Ndiposa mzungumzaji wa Kiswahili anapoambiwa kwamba mzee fulani ameacha wosia, aghalabu humjia taswira ya mgonjwa kitandani, jamaa wamemzunguka, sauti inazungumza. Karatasi yenye sahihi huja baadaye sana katika fikra zake.

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haikuipuuza sauti hiyo. Imeiwekea mipaka myembamba tu. Wosia wa mdomo hukubalika endapo ulitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na aliyeutamka akafariki kabla ya miezi mitatu kupita. (Mwanajeshi aliye kazini wakati wa vita amewekewa kanuni yake.) Basi na achukuliwe mzee aliyewaita wanawe wote mwezi wa Desemba, akawatembeza shambani na kuwaonyesha mipaka, kisha akafariki mwezi wa Juni. Jamaa wataendelea kuyaita maneno yake wosia, na wataapa kwamba waliyasikia. Mahakama itamhesabu kuwa mtu aliyekufa bila wosia. Ugomvi utakaofuata utaitwa ugomvi wa shamba, ilhali kiini chake ni neno moja linaloeleweka kwa namna mbili.

Hata aliye msomi hasalimiki. Wakili S. M. Otieno alipofariki mnamo Desemba 1986, mjane wake na ukoo wake waliburutana mahakamani kwa miezi kadhaa, hadi Mei 1987, marehemu alipozikwa Nyalgunga. Kesi ile ilihusu maziko wala haikuhusu mali, lakini ilifunza jambo lile lile: mashahidi walipanda kizimbani wakaeleza, kila mmoja kivyake, marehemu aliyotamka kuhusu mahali pa kuzikwa. Kwa upande wa mali, mirathi ya aliyekuwa waziri Mbiyu Koinange, aliyefariki mwaka 1981, ilizozaniwa kwa zaidi ya miaka 30.

Wosia wa maandishi nao una masharti yake, na masharti hayo si magumu kwa anayeyajua. Mwenye wosia atie sahihi au alama yake. Mashahidi wawili wathibitishe. Lakini wazee wengi huwaita kuwa mashahidi wale wale wanaoandikiwa mali, kwa kuwa ndio wanaoaminika. Sheria huitilia shaka imani hiyo. Aliyeandikiwa kitu akawa pia shahidi hukipoteza, isipokuwa pawepo mashahidi wengine wawili wasio na masilahi.

Haya yote yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili sanifu bila kutoa jasho. Kwa nini basi hayamfikii mjane wa Bungoma au Makueni kwa lugha hii? Mjane huyo anajua kwamba anatakiwa "kufanya saksesheni". Neno hilo limekwisha kutiwa irabu na kuzoeleka vijijini. Hupata barua ya chifu inayowataja warithi. Kisha hukabidhiwa fomu. Kuna nambari 80 ya kuomba usimamizi wa mali ya aliyekufa bila wosia, nambari 5 ya kiapo, na nambari 38, ambayo wenye haki sawa ya kuomba huitia sahihi kuonyesha kwamba wanaridhia mtu mwingine asimamie. Zote ni za Kiingereza. Shemeji humwambia, "Shemeji, weka kidole hapa tusichelewe," naye huweka. Tangazo huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali, kwa Kiingereza vilevile, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Siku hizo hupita mjane akiwa shambani.

Mlango haufungwi kabisa, maana kifungu cha 76 kinairuhusu mahakama kubatilisha hati ya usimamizi iliyopatikana kwa hila au kwa kuficha jambo muhimu. Lakini mja hawezi kudai nafuu asiyoijua. Mnamo 2005, katika kesi ya Rono, Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi uliokuwa umewapunguzia mabinti sehemu yao kwa hoja kwamba huenda wangeolewa. Uamuzi huo hutajwa mara kwa mara katika mahakama za urithi. Je, ni mabinti wangapi wamewahi kuusikia katika lugha wanayoijua?

Hujibiwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za sheria. Dai hili halina mashiko, na linashangaza zaidi linapotolewa na wasomi wa Kiswahili wenyewe. Mirathi, mrithi, wasii na thuluthi ni maneno yaliyotumika Lamu na Mombasa kabla ya Sura ya 160 kuandikwa. Tangu marekebisho ya 1990, mirathi ya Mwislamu huongozwa na sheria ya Kiislamu. Ukimwuliza Mwislamu wa pwani, hata asiye na elimu kubwa, yamkini atakueleza kwamba wosia hauvuki thuluthi ya mali, na kwamba mrithi haandikiwi wosia ila kwa ridhaa ya warithi wenzake. Analijua hilo kwa sababu limezungumzwa kwa lugha yake. Nchini Tanzania, mahakama za mwanzo zimeamua mirathi kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama.

Kenya ina Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sheria ya Taratibu za Kesi za Madai imeitengea Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani Kiingereza, ila inaziruhusu mahakama za chini kutumia Kiingereza au Kiswahili. Hapa pana nafasi isiyotumiwa. Zamani hakimu alikuwa na uwezo wa kushughulikia mirathi ya shilingi 100,000 tu. Kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, hakimu mkuu husikiliza mirathi inayofika shilingi milioni 20. Kwa hivyo, mashamba mengi ya kawaida yamo katika mahakama ambazo tayari zinaruhusiwa kukitumia Kiswahili.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili huandaa makongamano kuhusu ukuzaji wa lugha, na wasemaji huirai serikali ifanye hili na lile. Mengi katika mihadhara hiyo yamechosha. Kazi ipo karibu zaidi. Ni kweli kwamba Sheria ya Mawakili inamkataza asiye wakili kuandaa hati za mirathi kwa malipo, na tahadhari hiyo ni ya haki. Mwanafunzi wa fasihi asijifanye wakili. Kutafsiri maelezo ni jambo jingine. Vyuo vyenye shule za sheria vina vituo vya msaada wa kisheria. Kituo cha Sheria kimewahudumia maskini tangu 1973, FIDA wanawake tangu 1985, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ikaanzisha huduma ya kitaifa. Wanasheria hao wanahitaji watu wanaoweza kutofautisha wasii, aliyeteuliwa na marehemu, na msimamizi, aliyeteuliwa na mahakama, kisha waeleze tofauti hiyo kwa sentensi anayoielewa mjane.

Idara zinazowapa wanafunzi wa tafsiri hotuba za viongozi kuwa zoezi zingeweza kuwapa fomu nambari 38. Ni fupi. Darasa moja, likisimamiwa na mhadhiri wa Kiswahili pamoja na mwenzake wa sheria, lingeimaliza katika muhula mmoja, na nakala zikapelekwa katika ofisi za machifu, ambako wajane huanzia.