Cha bure hakithaminiwi: nani aliyepima?

Kuna msemo umezoeleka kwenye vikao vya maendeleo na warsha za mahotelini: cha bure hakithaminiwi. Anayeutoa huutoa kana kwamba ni kanuni ya uchumi, na wasikilizaji huitikia kwa vichwa. Nasema msemo huo, ukigeuzwa sera ya afya, ni wa hatari, na wanaoulipia ni maskini.

Chukua chandarua chenye dawa. Kwa miaka mingi wakubwa walibishana: mama mjamzito apewe bure au achangie kidogo? Waliotaka achangie walidai kwamba cha bure atakitupa pembeni, au atakigeuza wavu wa kuvulia samaki. Wachumi wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, waliamua kuipima hoja hiyo katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya. Kliniki nyingine ziligawa bure, nyingine ziliuza, na bei zilipangwa kwa bahati nasibu. Palipokuwa bure, karibu kila mama alichukua. Palipouzwa shilingi 40, walichukua kama wanne tu kati ya kumi. Na watafiti walipofuatilia majumbani, waliopewa bure walikitumia sawasawa na walionunua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010.

Hebu mtazame mama mmoja katika foleni ya namna hiyo. Anafungua fundo la leso, anahesabu sarafu. Jioni kuna unga wa kununua, mafuta ya taa, na nauli ya kurudi nyumbani. Akilifunga tena fundo lake na kuondoka mikono mitupu, nani athubutu kusema amekidharau chandarua?

Hapo uchumi ulifanya kazi yake halisi: ulichukua msemo wa vikaoni ukaupeleka kliniki ukapimwe. Lakini utafiti ule haukusema, wala haungeweza kusema, kama mtoto wa mama yule anastahili kulindwa kwa fedha za umma. Jibu la swali hilo halimo katika jedwali lolote. Ni letu sisi wananchi.

Sisemi kila kitu kigawiwe bure. Kenya ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka shuleni, na madarasa yakafurika. Mchumi ana wajibu wa kutuambia mapema walimu wangapi watahitajika na fedha zitatoka wapi. Tukimpuuza, watoto ndio watakaobanana kwenye dawati moja. Ila kwamba watoto wale walistahili kuwa darasani, hilo halikusubiri hesabu ya mtu.

Basi kiongozi akisimama tena kikaoni na kusema cha bure hakithaminiwi, mwulizeni: ulipima wapi? Na akijibu kwamba wachumi ndio walioamua, mwulizeni ni lini tuliwapigia kura.