Eti neno halina ukoo!

Wadau, juzi mhariri wangu kanikatia neno "mshikaji" kwenye makala. Eti ni la kihuni, halina ukoo. Nikacheka kimoyomoyo, maana wiki nzima nilikuwa nachimbua asili ya jina la mbwa kwa Kiingereza.

Mjerumani anamwita mbwa Hund, Mholanzi hond, Mswidi hund. Hao ni ndugu wa damu, tena wa ukoo mkubwa: hata canis ya Kilatini ni binamu yao, ila kwao ile K ya kale iligeuka H. Mwingereza naye alikuwa nalo, hound, na zamani lilimhusu mbwa yeyote. Leo limebaki kwa mbwa wa kuwindia.

Aliyelipindua ni dog. Katika Kiingereza cha kale linaonekana kwa nadra mno, likiandikwa docga, na mpaka leo wataalamu hawajui lilikotoka. Halina baba wala mjomba! Lakini kufikia karne ya 16 lilishakuwa ndilo jina la mbwa wote. Majirani nao wakaliazima: Wajerumani wana Dogge, Waswidi dogg, yaani yale majibwa makubwa yenye misuli tu. Kwao mgeni kapewa chumba kimoja. Uingereza kachukua nyumba nzima, mwenyeji kahamia uani.

Sisemi kila neno la mtaani liingie gazetini. Ila hiyo hoja ya ukoo siikubali. Kesho namrudisha "mshikaji" wangu palepale. Na yeye, kwa taarifa ya mhariri, baba anaye: kushika.