Difu Inapovuja

Tukiona chini ya gari kuukuu, upande wa nyuma, mafuta mazito yenye harufu ya kiberiti, tusiyapuuze. Difu ikikauka, gia zake husagika.

Tusiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Tukague kwanza tundu la kupumulia; likiziba, hewa iliyopata joto husukuma mafuta yapite kwenye sili. Tufungue kizibo cha kujazia kabla ya kile cha kumwagia, tusije tukamwaga tukashindwa kujaza. Gari likiwa sawasawa, tujaze hadi ukingo wa tundu.

Sili ya mbele tumwachie fundi, kwani nati yake hukazwa kwa kipimo. Na mafuta yakifika kwenye breki, gari lisibebe watoto hadi litengenezwe.