AFYA YETU: Taya la Mtoto Likivimba

Ndugu msomaji, umewahi kuona mtoto aliyevimba taya, na meno yake yakilegea? Usiseme ni jino tu. Huenda ni saratani iitwayo Burkitt. Huwapata zaidi watoto wa sehemu zenye malaria nyingi.

Mwili una askari wake. Kirusi kikiingia, mwili hutengeneza kingamwili za kupigana nacho. Kingamwili hizo hupimwa katika damu.

Mwaka 1972 hadi 1974, huko West Nile, Uganda, wataalamu walitoa damu kidogo kwa watoto wapatao 42,000. Wakaihifadhi. Kisha wakangoja miaka. Kazi ya subira kweli kweli! Watoto wachache waliugua Burkitt. Damu yao ya zamani ilipopimwa, wengi wao walikuwa na kingamwili za kirusi cha Epstein-Barr nyingi kuliko wenzao. Taya lilikuwa bado halijavimba.

Lakini kipimo hicho peke yake hakitoshi. Kirusi hicho karibu sote tunacho. Ili kuwa na hakika, daktari hukata kipande kidogo cha uvimbe na kukichunguza.

Uvimbe huu hukua upesi, hata kwa siku mbili tatu. Usingoje mavuno. Mpeleke mtoto hospitali sasa. Dawa zipo, na wengi wanaowahi hupona.