Muuzavitabu Apewe Jina Lake

Mfasiri anayetoa maandishi katika Kihispania na kuyaleta katika Kiswahili hukwama penye neno dogo: librero. Maana yake haina utata. Ni mtu ambaye kazi yake ni kuuza vitabu, na duka lake huitwa librería, neno ambalo mzoefu wa Kiingereza hulidhania kuwa maktaba akapotea njia. Mwaka 1605, Don Quijote ya Cervantes ilipotoka Madrid, ukurasa wake wa mbele ulieleza kwamba kitabu kinauzwa nyumbani kwa Francisco de Robles, ukamwita librero wa Mfalme. Mtunzi na muuzaji walitajwa katika ukurasa mmoja.

Je, mfasiri amwiteje mtu huyo kwa Kiswahili? Kamusi humpa mkutubi, lakini mkutubi ni mtunza maktaba. Ajabu ni kwamba neno hilo lina asili ya Kiarabu, kutubi, yaani mtu wa vitabu. Na huko lilikotoka, kutubi ni muuzaji. Msikiti wa Kutubiya wa Marrakesh, uliojengwa katika karne ya 12, ulipata jina lake kutokana na wafanyabiashara wa vitabu waliokuwa kandokando yake. Lilipofika kwetu neno likamvua mwenye duka, likamvika mwenye rafu. Nchini Meksiko librero ni pia kabati la vitabu, lakini huko muuzaji hakunyang'anywa jina lake. Kwetu limehama lote.

Mkutubi halaumiwi, na anastahili heshima aliyo nayo. Huduma za maktaba za Tanzania zilitungiwa sheria mwaka 1963, Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa mwaka 1967, na chuo cha wakutubi kipo Bagamoyo. Lakini muuzaji ana nini? Hata namna ya kumwandika haijatulia. Huyu ataandika mwuza vitabu, yule muuza vitabu, mwingine muuzaji wa vitabu. Yote hayo ni maelezo ya tendo, wala si jina la kazi. Aliyeuza nyanya jana na leo akauza daftari mbili na kitabu kimoja huelezwa kwa maneno hayohayo.

Wapo watakaocheka, waseme kwamba jina halipandishi mauzo, na kwamba wahenga walikwisha kunena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wenye hoja hiyo na waende Same, chini ya Milima ya Upare. Hapo ndipo maelfu ya Wapare waliposhuka mwaka 1945 kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliiandika habari hiyo katika kitabu alichokiita Mbiru, kikachapishwa mwaka 1971, kwa Kiingereza. Kitabu hicho ni chema. Je, kilijiuza? Kilipanda chenyewe hadi Mbaga, Gonja na Usangi kuwatafuta wajukuu wa walioshuka? Methali ile ilitungiwa bidhaa inayoonekana sokoni. Kitabu ambacho hakijafika mlimani hakina wa kukiita chema wala kibaya.

Upare, hata hivyo, unamjua mtu anayepandisha vitabu. Waadventista Wasabato walianza kazi Giti, huko Mamba, mwaka 1903, na kanisa hilo lina watu wake wanaopita nyumba kwa nyumba wakiuza vitabu vya dini na vya afya. Limewapa jina: wainjilisti wa vitabu. Kanisa limefanya jambo ambalo wapenda fasihi hawajalifanya. Limekiri kwamba kubeba mkoba wa vitabu ni kazi yenye wito. Ila jina hilo ni la mhubiri. Anayebeba diwani, riwaya au historia hawezi kulivaa, naye huhesabiwa miongoni mwa wamachinga, kana kwamba mzigo wake ni soksi na vitana.

Dawa haihitaji kumpora mkutubi. Liandikwe neno moja: muuzavitabu, wingi wauzavitabu, kama kinavyoandikwa kipazasauti na kifunguakinywa. Likiunganishwa, maelezo yanageuka jina. Na mwenye jina huulizwa yuko wapi, hutafutwa, hudaiwa, hata hufunzwa kazi.

Washairi wa pwani wamekuwa hodari wa kulalamika kwamba watu hawasomi. Diwani huchapishwa, huzinduliwa kwa vigelegele, kisha nakala zake hulala katika maboksi chini ya kitanda cha mtunzi. Mlaumiwa huwa ni msomaji wa Same, ambaye hakuna aliyemgongea mlango. Lawama hiyo si ya haki. Mnyororo umekatika katikati, penye mtu ambaye lugha yenyewe haijajishughulisha kumtaja.

Mabaraza ya Kiswahili, Bara na Visiwani, na yalitie neno hilo katika makamusi yao, na wachapishaji walitumie. Na diwani ijayo itakapotoka, ukurasa wake wa mbele ueleze, kama ilivyofanywa Madrid mwaka 1605, ni muuzavitabu gani anayeiuza na anapatikana wapi.