Vidaka Vitupu vya Al-Inkishafi

Waama, ni nadra kumpata mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili asiyeijua Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Aghalabu tunafunzwa kuusoma kama waadhi: dunia ni hadaa, mali haidumu, na magofu ya Pate ndiyo ushahidi. Usomaji huo siupingi, kwani mshairi mwenyewe ndiye aliyeuelekeza moyo wake huko. Ninachodai ni kwamba umetuziba masikio tusisikie jambo jingine.

Hebu tumwalike mwanaakiolojia ausikilize utenzi huu ukighaniwa. Kabla ya waadhi, atasikia orodha ya vitu: taa za kioo na za shaba, vyombo vya kauri kutoka China, miti ya kutundikia mavazi, na vidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu katika kuta za vyumba vya ndani. Vitu hivi si njozi za mshairi. Vidaka vingali vinaonekana katika nyumba za kale za Lamu, na vigae vya kauri vimefukuliwa Gedi, Manda na Shanga. Si ajabu, basi, kwamba James de Vere Allen, aliyewahi kuyasimamia Makumbusho ya Lamu, ndiye aliyeuhariri na kuutafsiri utenzi huu mwaka 1977.

Mshairi anatuambia kwamba vidaka vimegeuka makao ya makinda ya ndege. Mhakiki huandika papo hapo: ishara ya mauti. Mwanaakiolojia huuliza: bakuli zimekwenda wapi? Tajriba yake humfunza kwamba mji ukiangamia ghafla, vyombo vingi husalia pale vilipoangukia. Mji ukihamwa polepole, wenyewe huondoka na vilivyo vizima, wakaacha vilivyovunjika. Isitoshe, Mwislamu hazikwi na mali yake. Mabwana wa Pate walishuka kaburini na sanda tu. Bakuli zao zilichukuliwa na mtu aliye hai, awe mrithi, mnunuzi au hata mwizi.

Tutazame mfano wa kisiwa hichohicho cha Pate. Mark Horton na wenzake walianza kuchimba Shanga mwaka 1980, wakabaini kuwa mji huo ulianza karne ya 8 na ukahamwa katika karne ya 15, takriban karne nne kabla ya Sayyid Abdallah kushika kalamu. Je, Waswahili walikwisha pamoja na Shanga? Hasha! Pate na Siyu zilistawi baadaye, na mmoja wa koo za Siyu hadi leo huitwa Washanga.

Watakuwapo watakaosema kwamba fasihi si daftari la mali, na kwamba kumhoji mshairi kuhusu bakuli ni kumwonea. Nakubali kwamba utenzi si daftari. Hata hivyo, swali la bakuli halipunguzi uchungu wa mshairi. Linatuongezea wajibu sisi wasomaji wake. Tukiishia kwenye mauti, tunamfunza mwanafunzi kwamba ustaarabu wa Waswahili ulizikwa chini ya kuta zile, na kwamba Kiamu na Kipate ni lugha za tanbihi. Matokeo yake tunayaona: mwanafunzi anaeleza barabara "ishara ya kidaka", lakini hajawahi kukiona kidaka, wala kumuuliza mzee wa Lamu kinavyotumiwa.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, kozi za ushairi wa kale ziambatane na ziara katika makumbusho na magofu, utenzi ukiwa mkononi. Pili, wanafunzi wetu washirikiane na wahifadhi kuhakikisha kwamba kila chombo cha pwani kinachoonyeshwa kina jina lake la Kiswahili, kama wenyewe wanavyoliita.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Vidaka vya Pate vi vitupu kwa sababu vilivyokuwamo vilirithiwa. Maneno yake nayo tumeyarithi sisi, na haitupasi kuyaacha yakawa vigae.